Asali Ninayokununulia Kila Jumamosi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta una nguvu, na lile goti limeacha vituko vyake. Mimi ni mzima, nakula na kulala. Msalimie kaka na mkewe, na umwambie kaka kwamba picha za watoto alizoahidi kunitumia bado nazisubiri. Labda zinakuja kwa miguu.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikia, na kaka naye anadakia. Haya ni yako peke yako. Vaa miwani, kaa chumbani, usimpe mjukuu akusomee.

Kazini bado nipo kule kule, chumba cha kufulia cha hoteli. Unakumbuka nilikuambia shuka tulikuwa tunazikunja wawili wawili, kila mmoja ameshika pembe zake, tunasogeleana na kuachana, na umbea wote wa hoteli unapita hapo katikati. Sasa wameleta mashine inayonyoosha na kukunja yenyewe. Mimi nailisha shuka upande mmoja, basi. Inanguruma mpaka tunaziba masikio. Natoka pale jioni nimeisahau hata sauti yangu.

Jumamosi moja nilikwenda kutafuta nyanya kwenye soko la wakulima, lile wanalotandaza uwanjani nyuma ya posta. Mwisho kabisa, baada ya wauza mayai, nikamkuta mama mmoja mnene nyuma ya meza ya chupa za asali, nyingine za manjano, nyingine nyeusi kama kahawa. Wenzake wanamwita Mama Nta, maana vidole vyake haviishi nta. Mizinga ni yake, anarina mwenyewe na mumewe, anachuja kwa kitambaa na wala hachemshi. Aliniita, akachovya kijiti, akanipa nilambe. Mama, asali niliyoizoea mimi ni ile ya dukani, tamu tu imekwisha. Hii ilianza na utamu, ikaingia uchungu kidogo, halafu ikaniachia mdomoni harufu ya majani yaliyonyeshewa. Nilipigwa na butwaa. Akaniuliza nimeonja nini, akasubiri. Mtu alikuwa ananisubiri niongee. Nilitaka kulia, nakuambia kweli.

Sasa yule mama ana utaratibu wake: hakuuzii chupa mpaka umwambie ni ya nani. Anasema ya mtoto si ya mzee, na ya kikohozi si ya chai. Ukijibu ovyo, chupa inarudi chini ya meza. Aliponiuliza mimi, nilishindwa kusema ni yangu peke yangu. Neno likanitoka kwamba ni ya mama yangu, ninaishi naye. Akafurahi sana, akanichagulia ile nyeusi.

Jumamosi iliyofuata akataka kujua mama ameionaje. Ningesema nini? Nikasema umeipenda, ila unalalamika inakukwama kooni. Akacheka, akanipa nyepesi zaidi. Tangu hapo, mama, umekuwa mtu maarufu sokoni. Umempa pole mumewe alipoumwa na nyuki kwenye kope. Umeikataa asali ya maua ya michungwa, ukidai ni ya wasichana. Wauza mayai nao wananiuliza habari zako, na mimi nawajibu kwa madaha kabisa! Nikirudi nyumbani naweka vikombe viwili vya maji ya moto, nakoroga asali, nakunywa changu, na chako nakinywa baadaye kikiwa kimepoa. Kabati limejaa chupa.

Juzi Mama Nta kasema mwisho wa mwezi, akishamaliza kurina, atakuja nyumbani kukuona na kukuletea sega zima. Hakuuliza, alisema tu. Nikimkatalia ataona naringa. Nikimwambia ukweli, naogopa hatanisubiri tena nijibu, na mimi huku sina mwingine.

Hapo ndipo penye neno lenyewe. Kila ulipotaka kuja kunitembelea, nilikuambia ngazi zitakuumiza goti. Si ngazi, mama. Nyumba hii ina lifti. Nilikuwa nimeshakusimulia habari za nesi wa mlango wa pili anayeniletea mchuzi nikiumwa, na za wenzangu wa kazini tunaotembeleana Jumapili. Hakuna kitu kama hicho. Nesi yupo, lakini nimewahi kuuona mgongo wake tu, akifunga mlango. Nilijua ukikaa hapa siku chache utaona hakuna anayenipigia hodi. Nilitaka ulale usingizi ukijua binti yako ana watu. Sina watu, mama. Upweke unanimaliza.

Nakuomba uje kabla ya mwezi kwisha. Sikuiti uje unifichie uongo. Njoo nimwambie yule mama ukweli, na wewe uwe umeketi pembeni yangu. Nitakupokea stendi mwenyewe, na kitanda ni chako, mimi nitalala chini.

Na kuna moja linanisumbua kuliko hayo yote. Nilipokuwa natunga majibu yako, niligundua sijui. Nyumbani tulikuwa watu wa sukari, na ikipungua, kikombe kilichokosa kilikuwa chako. Hukuwahi kusema unapenda nini, nasi hatukuwahi kukuuliza. Hata kama huwezi kuja, hili nijibu: wewe mama, asali unapenda? Ipi?

Wape salamu wote wanaoniulizia hapo nyumbani, hata kama ni wewe tu.

Mwanao akupendaye,
Kitinda Mimba wako