Kadi ya Sifuri

Mji wa Kale, Mombasa
4 Machi 1968

Kaka Taib,

Asalaam aleikum. Natumai baridi ya Manchester imekiachia kifua chako. Sisi wazima, ila Mama goti lamuuma, na ngazi za nyumba hii azitukana kila asubuhi kana kwamba zimejengwa jana.

Kaka, nina jambo nalionea haya hata kuliandika. Wajua ile kompyuta ya ofisini kwetu Kilindini ikikosea husimama, ikachapa nambari tupu: kosa 3, kosa 14. Hapo Bwana Kingi, mkuu wa chumba chetu, huenda kabatini kutafuta kitabu cha makosa, na kazi ya meli yote hulala. Basi kwa yale masomo unayonitumia nimeandika programu ndogo, kwa lugha ya mashine yenyewe, amri moja kila kadi, iliyotobolewa matundu. Huichukua nambari, huenda kwenye orodha ya maneno niliyoipanga, huhesabu mpaka mahali pake, ikachapa maana. Nakutumia nakala.

Aliyeiona ni Zilpah peke yake, yule dada wa mtaa wa Buxton hapa Mombasa anayeiendesha mashine. Akaniambia, "Wee bubu, kumbe ulimi wako uko mikononi." Yeye hunigawia mhogo wake saa nne, maana mimi naona haya kwenda kununua.

Nduguyo mdogo,
Mwanakuu


Manchester
20 Machi 1968

Mdogo wangu,

Wa aleikum salaam. Kifua kimepoa, hamu ya samaki haijapoa. Mwambie Mama avumilie. Nikirudi nitamhamishia Kizingo, nyumba isiyo ngazi.

Programu yako nimeisoma. Si mbaya. Ijaribu kwanza kabla hujawapa. Lakini ukiwapa kwa jina lako wataifungia vitumbua. Nani ataitazama kazi ya msichana wa miaka kumi na saba, asiyeweza hata kumwamkia mkubwa wake akasikika? Kadi ya kwanza, ile ya jina la mwandishi, toboa jina langu. Makao makuu ya kampuni yenu yako huku London, nami nimekwisha kuwaandikia wanifikirie ukuu wa chumba hicho Kingi akistaafu. Changu ni chako.

Kakako,
Taib


Mji wa Kale
30 Aprili 1968

Kaka Taib,

Asalaam aleikum. Mama hajambo, mvua zimeanza na goti lalia nazo. Mimi mwili mzima, usingizi sina.

Nilifanya ulivyosema. Nilijaribu kwa kosa 3, ikachapa "kadi imekunjwa". Kadi ilikuwa imekwama na kukunjika vilevile, sote tukaridhika. Bwana Kingi akafurahi, kitabu akakifungia kabatini. Dishon, karani wake, akasema, "Bubu wetu kaletewa na kakake mashine iseme badala yake."

Jumanne iliyopita mashine ilisimama katikati ya hesabu za meli. Ikachapa: "mashine imesimamishwa kwa mkono". Bwana Kingi akayasoma mara mbili. "Mkono wa nani?" Siku hizi za migomo, mtu kusimamisha kazi kusudi si neno dogo.

Zilpah akasema, "Mzee, sikuigusa. Muulize Mwanakuu, tulikuwa naye."

Wakanigeukia. Kaka, nalimwona. Mikono yake miwili ilikuwa imekumbatia kadi. Lakini karatasi ilisema vingine, na maneno ya karatasi nimeyaandika mimi. Nikayaamini kuliko macho yangu. Nikainama.

"Haya, Mwanakuu," akaniambia Zilpah polepole, kama amwambia mtoto. "Sema tu ulichokiona."

Sikusema. Walimfukuza kabla ya adhuhuri. Mhogo wake ulibaki mezani. Chumba anachokaa na mamake, Mama Rispah, chategemea mshahara ule.

Kaka, itazame tena programu yangu.

Nduguyo,
Mwanakuu


Manchester
13 Mei 1968

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi sijambo sana, London wamenijibu. Wamependezwa na programu, na nafasi wanielekezea mimi.

Kosa nililiona tangu nakala ya kwanza. Mama akihesabu samaki huanza mosi, nawe ukaanza mosi. Mashine huanza sifuri. Mstari wako wa kwanza yauhesabu sifuri, wa pili ndio mosi, kwa hiyo kila nambari huchapa maana ya ile inayofuata. Kosa 3 ni kadi kukwama, kukunjwa ni 4, ndiyo maana jaribio likakupumbaza. Kosa 14 ni umeme kupungua. Mkono ni 15. Nilikuacha ulikamate mwenyewe. Mwalimu wangu hunifanyia hivyo hivyo, ndivyo mtu anavyojifunza.

Sasa usiseme neno. Ongeza kadi moja tupu mbele ya orodha, ya sifuri, kimya kimya. Huyo Zilpah ni mtu wa bara, atapata kazi kwao. Kunyamaza hukufundishwa na mtu, si shida kwako.

Kakako,
Taib


Mji wa Kale
2 Juni 1968

Kaka Taib,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii yakukuta na afya. Mama mzima.

Nilikwenda kwa Bwana Kingi. Sauti ilitoka ndogo mpaka akaniambia nirudie. Nikarudia: orodha imeanza mosi, Zilpah hakuigusa mashine. Akafungua kabati, akatazama kitabu, akakaa kitako.

Dishon alitumwa Buxton. Alikuta watu wengine wanapika chumbani mle. Mama Rispah na bintiye walikwisha kutolewa, na jirani hajui walikoelekea.

Bwana Kingi akauliza, "Nani hasa aliyeandika kitu hiki?"

Dishon akainua kadi ya kwanza, akalisoma jina lako. "Huyu si ndiye London wanayetuletea awe mkubwa wetu?"

"Si baada ya barua nitakayowaandikia leo," akasema Bwana Kingi.

Kisha wakanigeukia mimi, kama siku ile. Nalikuwa na neno moja la kusema, nalo ni "mimi". Nikainama. Siku ya Zilpah niliinama kwa woga. Safari hii sikuogopa.

Kiti cha Zilpah wamenipa mimi. Saa nne hakuna anigawiaye kitu, nami bado sijaenda kununua.

Mama auliza wewe warudi lini. Nimemwambia bado wasoma.

Kadi ya sifuri nimeiongeza. Yenye jina lako nimeiacha pale pale, ya kwanza.

Nduguyo mdogo,
Mwanakuu