Kingamwili za Dada Koleta

Shikamoo dada Koleta,

Tangu uolewe Makambako, huku kijijini Mbingu kumepoa. Jana mimi na mama tulikumbuka masika yale uliyovimba, tukacheka. Wakati ule hatukucheka.

Mambo yalianza na wekundu mashavuni, kisha viungo vikauma, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Asubuhi moja miguu yako haikuingia kwenye kandambili. Majirani wakasema umerogwa. Baba akawajibu, "Hata aliyerogwa anapimwa," akakupakia kwenye lori la mpunga, nami nikabeba mfuko wako wa nguo.

Kule hospitali Ifakara, daktari alichemsha mkojo wako mbele yetu kwenye kichupa chembamba. Ukaganda mweupe kama ute wa yai la kuchemsha.

"Hii ni protini," akasema. "Figo zinavuja."

Damu yako ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, akatuambia una lupus. Mwili hutengeneza kingamwili za kupigana na vijidudu, akaeleza, ila zako zilikuwa zimegeukia mwili wenyewe. Zilinasa kwenye vichujio vya figo na kuviharibu.

Ukafikiri kidogo. "Kwa hiyo daktari, niliowaweka shambani waamie, wafukuze ndege, ndio wanaoupiga mpunga wenyewe?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Hasa! Vidonge hivi vitawatuliza."

Vidonge vikakuumua uso. Ulijitazama kwenye kioo ukasema, "Sasa nina mashavu ya mke wa mwenyekiti." Mimi kanisani nilikuwa nimemwahidi Mungu kwamba ukipona sitagombana nawe tena juu ya baiskeli. Nisamehe, sikutimiza.

Halafu ile siku, baada ya miezi mingi! Kichupa kikachemka, sote tumekodoa macho, na mkojo ukabaki maji matupu. Baba, asiyecheza hata harusini, alicheza ngoma ya sangula pale koridoni. Muuguzi akamkemea, kisha naye akapiga kigelegele.

Daktari alikuonya usibebe mimba mpaka ugonjwa utulie kabisa. Ulisubiri miaka, ukameza maneno ya mawifi pamoja na vidonge. Wakati mwingine niliogopa kukuuliza habari za mtoto.

Leo imefika telegramu: "Binti. Wote wazima. Mleteni mama."

Dada, mama amefunga kuku watatu, kasahau viatu! Barua hii siipeleki posta, naibeba mwenyewe, maana kesho tunapanda treni. Mwambie mtoto asilale kabla hatujafika.

Ni mimi mdogo wako, tangu leo mama mdogo wa mtu.