Shairi la Niyah Kituoni

Tarrow, Georgia
23 Aprili

Mpendwa kaka yangu Cortez,

Vipi hali yako huko Ujerumani? Baridi imeanza kulegea? Na lile goti lako limepona, au bado unawaficha wakubwa wako jeshini? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama miguu inamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote.

Kabla moyo haujakuruka: binti yako Niyah ni mzima, yuko hapa jikoni anamaliza mkate wa mahindi, na hana kesi. Sasa kaa chini nikusimulie.

Unajua tulivyolelewa. Mtu mzima akikuuliza, unajibu, tena upesi. Basi Bi Pettway, yule wakili anayesali nasi, alipowafundisha vijana wa kanisa kwamba polisi akiwahoji waombe mzazi na wakili kwanza, Mama alisimama mbele ya watu wote. "Mjukuu wangu aulizwe na mtu mzima, anyamaze kama gogo? Labda niwe nimekufa!"

Bi Pettway akamwambia kwa upole, "Mama, mtoto wa jirani yako alijibu kila swali kwa adabu. Yuko wapi leo?" Alimaanisha Tyrell, aliyekubali kosa la wenzake ili tu arudi nyumbani. Hajarudi mpaka leo. Mama akakaa.

Lakini unamjua mama yetu. Alisema kama ni lazima mtoto akatae kujibu, basi akatae kwa adabu. Akayageuza maneno ya Bi Pettway kuwa shairi, kama yale watoto wanayokariri kanisani siku ya Pasaka, na kila jioni Niyah akawa anasimamishwa sebuleni, mgongo wima, mikono ubavuni. Mtoto alilalamika mpaka nikamhurumia.

Jumamosi iliyopita kioo cha duka la vinywaji kilivunjwa, na polisi wakawazoa watoto wote waliokuwa uwanja wa mpira wa kikapu. Mwalimu wao wa mchezo alinipigia simu. Nilimpigia Bi Pettway, nikamtia Mama garini, tukaenda mbio kituoni.

Mlango wa chumba cha mahojiano ulikuwa wazi nusu. Afisa alikuwa anamwambia Niyah, "Binti, wenzako wameshasema. Sema na wewe, ukale chakula nyumbani."

Niyah akasimama. Mgongo wima, mikono ubavuni. "Samahani, afande. Kwa heshima zote, naomba shangazi yangu..."

Akakwama. Nilitaka kuingia, askari wa mlangoni akanizuia. Hapo Mama akashindwa kuvumilia, akapaza sauti kama yuko ibadani: "Sema, mtoto! Taratibu!"

"Bibi, hapa si kanisani," askari akamwambia.

"Najua, mwanangu. Kanisani ungeshasema amina."

Niyah akaanza upya. "Naomba shangazi yangu na wakili wawepo kabla sijajibu swali lolote. Asante." Afisa akamuuliza tena, naye akalikariri tena shairi lote, na mwisho akainamisha kichwa kama alivyofundishwa. Yule afisa alijifuta uso, akaacha kuuliza.

Bi Pettway alifika, akadai picha za kamera ya duka. Waliovunja kioo walikuwa wanaume wawili wenye ndevu. Watoto wote wakaachiwa, na nililia garini bila aibu. Sasa Mama anawafundisha shairi hilo vijana wote wa kanisa, na hata wazazi wa mitaa mingine wanaleta watoto wao.

Anakusalimu sana Mama, na Bi Pettway pia, na Niyah anasema umletee chokoleti. Mungu akufunike huko uliko na akurudishe mzima.

Jambo moja limebaki. Unakumbuka kila Pasaka Niyah alivyokuwa akisahau maneno, nawe ukikaa kiti cha mbele ukimtamkia kwa midomo? Alipokwama kituoni nilimwona akitazama kiti kilichokuwa mbele yake. Hakikuwa na mtu. Akavuta pumzi, akaendelea mwenyewe.

Dada yako akupendaye siku zote,
Verlene