Pori Tulilopanda Ndani ya Kioo

Nyamitaba, Jumanne

Dada yangu Veronika,

Kamati imekataa. Alinieleza hivyo jana mchana Leonardi, karani wa teritware, ofisi ya Serikali, hata hajashuka kwenye baiskeli yake. Karte sitapewa, na bila karte masista wa mjini hawatampokea Yoana shuleni mwao. Wewe ndiwe unayemlea binti yangu, kwa hiyo inafaa ujue mambo yalivyokwenda.

Unisamehe, habari imetangulia salamu. Mu wazima huko Walikale? Kifua cha Yoana kimetulia tangu atoke kwenye baridi ya huku milimani? Na mguu wa mume wako? Sisi tu wazima wa mwili. Mke wangu Esta anakusalimu. Mama naye hajambo, bado yuko kwetu.

Karte hiyo hupewa mtu mweusi ambaye Serikali imeridhika na namna anavyoishi. Kamati huja nyumbani, ikatazama vitanda, sahani, choo na vitabu. Leonardi alinishauri mapema: "Vitanda na sahani kila muntu iko navyo. Tafuta kitu kimoja chenye watazungumuza mu motokari wakirudi."

Nilikifahamu kitu hicho. Kwa kazi yangu ya uuguzi, kila juma naenda kumchoma sindano mke wa bwana mkubwa wa shamba. Sebuleni mwao mna sanduku la kioo lenye maji na samaki, na majani yaliyopandwa hadi yakafanana na msitu. Nilimuuliza Madamu, naye akanieleza kwa upole: mchanga uinuke nyuma na kushuka mbele, ili macho yaone umbali, mti mkubwa usikae katikati, majani marefu nyuma, mafupi mbele.

Seremala wa shamba alinitengenezea fremu ya sanduku kama hilo, na vioo tulivipata kwenye lori lililokufa, tukavibandika kwa lami. Sanduku lilivuja, tukabandika tena. Chini niliweka udongo mweusi wa bondeni, juu yake mchanga niliouosha hadi maji yakatoka safi. Kisha nilipata mtoni kisiki ambacho sehemu zake laini zilikwisha kuoza, kikabaki moyo tu. Nilikipindua, mizizi ikaelekea juu ikawa matawi. Esta alifunga juu yake zile nyuzinyuzi za kijani zinazoota kwenye mawe ya mtoni, kwa uzi wa kushonea vidonda. Majani mengine niliyachomeka moja moja kwa koleo ndogo ya dispanseri ninakotibu wagonjwa.

Ya kwanza yalioza yote. Nilikuwa nimeyatoa kando ya mto, na chini ya maji yakawa kama majani ya sombe yaliyosahauliwa motoni. Tukarudi kuchukua yale yanayoishi ndani ya mto wenyewe, na hayo yakashika mizizi. Samaki wadogo Esta aliwavua kwa kikapu. Majirani walikuja kuchungulia na kucheka. "Muganga," mmoja aliniambia, "samaki yako inaoga kila siku. Weye utaoga lini?"

Maji yalipotulia niliona kwamba nimetengeneza mfano wa pale mnapochota maji kwenu: gogo lililoegemea, kivuli nyuma yake, mchanga mweupe mbele. Sikuwa nimepanga hivyo.

Mama alipofika kutoka kwenu aliketi mbele ya kioo muda mrefu.

"Petro, hii maji mulitoa wapi?"

"Mu muto, Mama."

"Na muliomba nani?"

"Hatukuomba muntu. Iko ya kutazama tu."

"Muntu hawezi leta pori mu nyumba na hasalimie."

Nilimwambia aache mambo hayo. Nilidhani yamekwisha.

Kamati ilikuja juma lililopita, asubuhi: administrateri anayetawala teritware, Mwafrika mmoja mwenye karte tayari, na Padri aliyekaa Walikale miaka mingi. Waliona vitanda, waliona kitambaa cha meza cha Esta. Administrateri alipofika kwenye kioo aliinama, akacheka kwa furaha, akawaita wenzake. Wakati ule karte ilikuwa yangu.

Padri hakutazama msitu. Alitazama juu ya maji. Karibu na kisiki palikuwa na utando mweupe, na samaki walikuwa wakiudonoa.

"Hiki ni nini?"

Nilikuwa sijauona. Nilielewa mara moja, nikajibu: "Chakula cha samaki, Padri."

Alitikisa kichwa kukubali, akaanza kugeuka. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, rozari shingoni.

"Hapana, Padri," alisema. "Ile njo unga ya ndizi. Nilitia mimi mwenyewe asubui. Kule kwetu, ukiomba maji kitu, unayipa kwanza."

"Na uliomba nini, Mama?"

"Mutoto apokelewe kwa masista, asome dini."

Padri hakukasirika. Aliniuliza tu: "Petro, ulijua?"

"Hapana, Padri."

"Lakini umejibu kama mtu anayejua."

Leonardi anasema kamati ilitoa sababu mbili. Ya kwanza, kwamba nyumbani mwangu mna mahali pa mizimu. Ya pili, kwamba mwenye nyumba anaficha. Ya kwanza ingeweza kuelezwa, anasema. Ya pili hapana.

Walipoondoka nilimuuliza Mama kwa nini hakunyamaza. Alinitazama kama anayemtazama mtoto mpumbavu. "Nikuache udanganye Padri, na miye niko pale? Ni miye nilikupeleka ubatizo, weye!"

Jana nilimwambia tumekosa karte kwa sababu sakafu yetu ni ya udongo. Ameamini. Tangu hapo anazungumza juu ya saruji, kwamba tukiipata watakubali safari ijayo. Kamati haitarudi upande huu kabla ya kiangazi cha mwaka ujao, na kufikia hapo Yoana atakuwa amepita umri ambao masista wanapokea. Nimeuliza kama kuna njia nyingine. Hakuna.

Majani yanastawi kuliko wakati wowote. Esta aliuliza kama amwage maji ya kile kioo.

Unisalimie mume wako, baba mkubwa, na shangazi wa ng'ambo ya mto. Umshukuru mama mkwe wako aliyemshonea Yoana sare; asiifumue, mtoto mwingine wa ukoo anaweza kuivaa. Yoana mwambie wewe, kwa maneno utakayoona yanafaa. Mimi nimeyatafuta, sikuyapata.

Mama atapanda lori Ijumaa; mumngojee barabarani Jumamosi. Jumatatu Yoana aanze kusoma kwa katekista wa kijiji, pamoja na wenzake.

Mdogo wako,
Petro