Laini Yako Haina Kosa

Kwako kaka yangu mpendwa, Filimbi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto wote, hata yule mkubwa asiyependa kusalimiwa. Natumaini goti lako limepoa na kuku wa wifi wameacha kulala juu ya gari lako. Mimi sijambo, nakula na kulala, ila nina mambo. Najua umeshangaa kuona bahasha. Umezoea kunipigia simu Jumapili baada ya chakula cha mchana, na mimi nimezoea kukulalamikia. Barua hii nimempa dereva wa basi aikabidhi mkononi mwako mwenyewe, si kwa jirani, kwa sababu jirani yako namjua, angeisoma kabla yako na kukuhadithia.

Nianze na lililonishikisha kalamu. Juzi wifi alinitumia ujumbe wa kunishukuru kwa kutoleta ubishi juu ya nyumba ya Mama. Alisema mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi kutia saini, na kwamba wewe ulifurahi sana niliposema sawa, maana ulikuwa umejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimesimama jikoni nikiusoma, nikaurudia tangu mwanzo. Nikamjibu kwa kifupi kwamba mnisubiri. Kaka, nakuomba, usimpe mtu huyo ufunguo wala usitie saini popote mpaka uimalize barua hii. Na usinipigie kabla hujaimaliza. Nakujua wewe, husoma mstari wa kwanza kisha ukarukia jina la mwandishi.

Ili unielewe, lazima kwanza nikupitishe kazini kwangu. Vumilia, najua kazi yangu hukuletea usingizi. Unakumbuka kwamba ofisi yetu inapokea simu za wateja wa makampuni mbalimbali, na siku hizi simu zote hizo zinapita kwenye intaneti. Wateja walizidi kulalamika kwamba sauti zinakatika na kuna mwangwi, basi wakubwa wakaamua tununue mfumo wa kuchunga ubora wa simu. Makampuni matatu yakajitokeza kuuza. Meneja akasema kazi ya kuyalinganisha ni yangu, kwa kuwa katika ofisi nzima mimi ndiye mwenye sikio. Nilivimba kichwa siku hiyo, sikufichi. Hata chai nilikunywa kwa madaha.

Wale watatu niliwapa majina yangu mwenyewe. Wa kwanza nilimwita Karani. Sauti ikisafiri kwenye intaneti hukatwakatwa vipande vidogo, vikaungwa tena upande wa pili, na kazi ya Karani ni kuhesabu vipande vilivyopotea na vilivyochelewa. Sauti yenyewe haisikilizi hata kidogo. Ni kama mtu anayejua utamu wa chakula kwa kuhesabu sahani. Wa pili nilimwita Mpelelezi. Huyu hupiga simu zake za uongo kwenye laini zetu mchana kutwa, akasema maneno yake, kisha akapima yamefikaje. Hugundua tatizo kabla mteja hajalipata, lakini mteja wa kweli anayelia kwenye simu hamjui. Wa tatu nilimwita Msikivu, kwa sababu mfumo wake unasikiliza sauti yenyewe ya mazungumzo na kuipa alama, moja hadi tano, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Wauzaji wao, kaka, ungecheka. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mmoja alikuja na mchoro wa kulinganisha washindani, na katika kila mchoro mwenye mchoro alikuwa juu na wenzake wako chini wanahema. Muuzaji wa Karani aliapa kwamba Mpelelezi anachezea watu akili. Muuzaji wa Mpelelezi alinong'ona kwamba Msikivu ni mzito, atalemaza kompyuta zetu zote. Nilikuwa nakaa katikati nikimkumbuka Mama, na siku zile za chumba chake cha simu zikanijia kwa nguvu mpaka nikawa sisikii wanachobishania.

Unakumbuka lile benchi nyuma ya akina mama opareta, pale posta ya zamani? Tulikuwa tunatoka shule tunapita moja kwa moja, tunaketi tumetulia tusije tukafukuzwa, na Mama akiwa ameketi kwenye kile kiti kirefu na wenzake, mikono ikipishana, wanachomeka nyaya na kuzichomoa kama wanaosuka mkeka. Wakati ule hapakuwa na mfumo wa kuchunga ubora. Mfumo ulikuwa Mama. Baada ya kuwaunganisha watu aliingia kwenye laini kidogo, akawauliza kwa ile sauti yake ya kazini kama wanasikilizana, wakijibu ndiyo akatoka, wakinyamaza akawatafutia njia nyingine. Siku moja alinivalisha vile vipokea sauti vyake vizito, nikasikia bibi mmoja na mwanawe wanaulizana hali, wako mbali mno, na bado pumzi zao ziko sikioni mwangu. Nadhani maisha yangu yote yalianzia hapo. Natamani nirudi kwenye benchi lile hata kwa saa moja, nikiwa na miguu isiyofika chini.

Na nyumbani je, mchezo wetu wa opareta kwenye ule ukumbi mwembamba? Mimi naketi kwenye ngazi ya jikoni naunganisha simu, wewe uko nyuma ya mlango wa chumba cha Mama unajifanya mteja mkali. Kwa sauti yako ile! Mteja mkali mwenye sauti ya filimbi. Mama alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Mwalimu wa kwaya alipokuweka kwenye safu ya wasichana ulikataa kwenda shule wiki nzima, na Baba akakuambia kwamba sauti ni mali, hata ikiwa nyembamba ni mali. Nyumba ile ndiyo iliyotusikia sote tukikua. Basi niendelee, nisije nikalowesha karatasi.

Namna yetu ya kulinganisha ilikuwa hivi. Nilichagua simu za wateja zilizorekodiwa, nikasikiliza kila moja na kuipa alama yangu. Kisha tukawapa wale watatu simu hizohizo, kila mmoja atoe alama zake. Ambaye alama zake zingekaribiana na zangu zaidi, huyo ndiye mshindi. Meneja aliupenda utaratibu huo. Alisema mashine iseme itakavyo, mwisho wa yote mteja ana masikio, hana kompyuta kichwani.

Majibu yalipokuja nilikasirika. Hakuna aliyenikaribia. Simu nilizozipa alama mbili, kwa sababu sauti ilikuwa imefifia na maneno hayakamatiki, wao walizipa nne. Karani nne, Mpelelezi akasema laini ya wakati ule ilikuwa safi, Msikivu naye nne na nusu. Nikaandika ripoti ya ukali, kaka, ripoti yenye meno. Nilisema hao watatu ni debe tupu, wameleta bidhaa za kubembeleza wanunuzi, na kampuni isinunue hata mmoja. Nilijisikia kama Mama siku ile alipomrudishia mkuu wa posta vipokea sauti vibovu na kukataa kufanya kazi.

Kilichopaswa kunishtua, na hakikunishtua, ni kwamba wale washindani wasiopatana hata kwa salamu walikuwa wamepatana wao kwa wao. Mimi ndiye niliyekuwa peke yangu.

Muuzaji wa Karani alikasirika, wa Mpelelezi akaleta mchoro mwingine. Lakini kampuni ya Msikivu ilimtuma fundi wake, dada mmoja mpole mwenye sauti nzito, akaomba tukae wawili tu, tusikilize pamoja. Tukakaa kutwa nzima. Alizipanga zile simu makundi mawili, zile tulizokubaliana na zile tulizogombana, akaniomba nitazame tu orodha za wapigaji bila kusikiliza, nione kama kuna kinachofanana. Nikatazama. Tulizokubaliana karibu zote zilikuwa za wanaume wenye sauti za mtungi. Tulizogombana zilikuwa za wanawake, watoto na wazee wenye sauti nyembamba. Yule dada akaniuliza taratibu, kama anayemwuliza mtu habari za msiba, kama nimewahi kupimwa masikio.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nimelelewa kwenye chumba cha simu na mama yangu alikuwa opareta, yeye ananifundisha kusikia? Akainamisha kichwa. Ikabidi nitoke nje, nikazunguka jengo, nikarudi na kumwomba radhi.

Nilikwenda kupimwa. Wanakufungia kwenye kijichumba, wanakuvalisha vipokea sauti, unaambiwa ubonyeze kitufe kila ukisikia mlio. Nilibonyeza, nikabonyeza, kisha nikakaa kimya nikingoja mlio mwingine. Kumbe milio ilikuwa inaendelea. Nilimwona mtaalamu kupitia kioo, mkono wake unafanya kazi, na mimi sisikii kitu. Kaka yangu, sijawahi kuogopa hivyo. Aliniambia sauti nyembamba zimeanza kuniaga, zimeanza zamani, na zitaendelea kwenda polepole. Kuna vifaa vya kusaidia, nitavivaa, lakini alisema wazi kwamba kilichokwenda hakirudi. Akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine aliyepoteza usikivu, nikasema hakuna.

Nilipofika nyumbani ndipo nikamkumbuka Mama wa miaka ya mwisho. Tumekaa naye chumba kimoja, tunamwuliza kitu, anasema laini ina kelele, turudie. Tulikuwa tunakufa kwa kicheko. Tulidhani anafanya mzaha wa kazi yake ya zamani, na yeye alituacha tudhani hivyo. Nimelia juu ya hilo, sioni aibu kukuambia. Kwa hiyo na wewe nenda ukapimwe, na watoto pia, hata huyo asiyependa kusalimiwa, huenda hasikii salamu.

Sasa umeshaelewa ninakokwenda. Kwa muda mrefu nimekuwa nikikuambia laini yako mbovu. Nilikuhamisha mtandao. Nilikufanya ubadilishe simu, ukabadilisha tena, nikakupeleka mpaka chini ya lile tangi la maji eti ndipo penye mawimbi, na wewe ukasimama juani kila Jumapili kwa ajili yangu. Laini yako haikuwahi kuwa na kosa. Ni sauti yako ndiyo iliyokuwa nyembamba, na mimi ndiye niliyekuwa nabaki nyuma. Jumapili ile nilisikia unazungumza kwa muda mrefu, kwa upole usio wa kawaida yako. Nilidhani unanihadithia habari za goti. Niliona haya kukwambia urudie kwa mara nyingine, ukanyamaza, nikajua ni zamu yangu, nikasema sawa, sawa kabisa, fanya unavyoona. Opareta alirudia maneno ya mpigaji kabla ya kukubali chochote, Mama angenichapa. Nimekubali kuuzwa kwa nyumba ya mama yetu bila kusikia hata neno moja.

Najua una sababu. Paa linavuja, wapangaji wamehama, na mzigo wote wa nyumba ile uko mgongoni mwako tangu wazazi wetu wafariki, mimi nikiwa huku natoa ushauri. Pengine hizo ndizo sababu ulizonieleza siku ile na nyingine ambazo sizijui. Ninastahili kuambiwa upya, na wewe unastahili jibu la mtu aliyesikia.

Kazini niliifuta ripoti yangu kwa mkono wangu mwenyewe na kumweleza meneja ukweli. Hakunifukuza. Tumewachukua wasikilizaji wengine, vijana na wazee, na wale washindani watapimwa upya kwa haki. Meza yangu imebaki palepale, ingawa kitu ndani yangu kimehama.

Mpe wifi salamu zangu na umwambie simlaumu, ujumbe wake umeniokoa. Wabusu watoto. Mwambie jirani kwamba naye nimemkumbuka.

Na kuhusu nyumba, mpaka nikusikie, jibu langu ni hapana. Mwambie mnunuzi asubiri au aende zake. Najua utakasirika, utasema mdogo wako amegeuka, na una haki yote ya kusema. Lakini usiyaseme kwenye simu. Nakuja na basi la Jumamosi. Tukae sebuleni kwa Mama, uso kwa uso, unifokee kwa sauti yako yote. Tugombane mapema, kaka yangu, wakati bado nakusikia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda