Majivu ya Bi Somoe

Njinjo, Kilwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba uipokee shikamoo hii kabla hujasoma yanayofuata, maana nahofia ukishayasoma marahaba yako itatoka kwa shida. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia kwamba siku hizi ukitoka shambani unakaa kwanza kizingitini, ndipo uingie ndani. Usimkasirikie kwa kunieleza, nilimuuliza mimi. Na mikorosho ya upande wa juu, ile uliyoipanda mwaka niliozaliwa, imechanua? Nauliza habari za mikorosho kwa aibu, na sababu yake utaiona.

Najua utataka kujua kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Tunajuana, Baba. Wewe ukisema neno moja mimi nasema matatu, salio linaisha na hoja haijaisha. Karatasi haina mtu wa kumkatiza. Nimempa barua hii mwalimu mwenzangu anayekuja Newala kwa msiba wa bibi yake, aifikishe mkononi mwako.

Mimi ni mzima wa mwili. Shule bado inaniita mwalimu wa kujitolea, na cheo hicho nimekizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Nafundisha baiolojia, na chumba tunachokiita maabara kina meza mbili, sinki lisilo na maji na mchoro wa jicho la ng'ombe ulioliwa na mchwa. Hadubini hakuna. Ukimfundisha mtoto kwamba jani lina vitundu vya kupumulia, anakutazama kwa adabu na hakuamini. Nami, unayenijua kwa kiburi cha kutopenda kutoaminiwa, niliamua kuitengeneza hadubini yangu mwenyewe.

Usicheke. Nilikwenda kwa fundi redio hapa sokoni, nikamwomba deki iliyokufa. Ndani ya deki kuna kioo kidogo kuliko punje ya mtama, kile kinachosoma sahani za filamu. Nilikichomoa, nikakibana katikati ya kibanio cha nywele, nikakigandisha kwa gundi ya karatasi juu ya jicho la kamera ya simu yangu, hii hii yenye ufa. Basi. Kitu kilichohitaji maabara ya chuo kikuu kikawa mfukoni mwangu.

Lakini kifaa, kama ulivyokuwa ukisema kuhusu jembe, si kazi. Wiki mbili za kwanza nilipiga picha za ukungu mtupu. Baadaye nikajifunza kwamba kioo kama kile hakitaki uvute kidole kwenye simu. Mwili wako wenyewe ndio unaosogea, unywele kwa unywele, mpaka kitu kijitokeze. Nikajifunza kuzuia pumzi. Nikajifunza kukibana kikonyo kwa kibanio cha nguo ili upepo usikitikise, na kuchuja jua kwa kifuniko cheupe cha kopo la mafuta ya kujipaka, maana jua kali huichoma picha. Nikajifunza kutoka alfajiri, wakati umande haujakauka na wadudu wamezizima kwa baridi, hawana nguvu za kukimbia. Jambo moja tu nililisoma bila kulielewa: kwa karibu namna ile, sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba kama ukucha. Ukipata jicho la sisimizi, miguu yake inapotea. Kilicho mbele na nyuma ya ukucha ule hakikosekani, Baba. Kipo, ila kimefifia.

Picha zangu za kwanza nzuri zilikuwa za maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mkorosho kuwa nyumba. Nilizipeleka darasani, watoto wakapiga kelele. Mkuu wa shule akaja kutazama. Kijijini nikaanza kuitwa Mwalimu wa Kioo. Sitakuficha kwamba nililipenda jina hilo.

Sasa nikueleze habari za Bi Somoe. Ni mjane, ndiye mwenye nyumba ninayokaa, na ndiye anayenipa chakula bila kuniuliza nitakirudishaje. Marehemu mumewe alimwachia shamba la mikorosho nyuma ya kisima. Ndugu wa mumewe, Bwana Athumani, kwa miaka mitatu amekuwa akidai kwamba mikorosho inamshinda mwanamke, na kwamba shamba la ukoo haliwezi kuachwa life. Msimu uliopita kikao cha ukoo kiliamua hivi: Bi Somoe apewe msimu mmoja zaidi. Mikorosho ikizaa, shamba libaki mkononi mwake. Isipozaa, Athumani alichukue.

Mikorosho ilipochanua, baadhi ya vishada vya maua vikaanza kusinyaa. Bi Somoe aliniambia jioni, akipepeta mchele, "Mwalimu, hebu kesho nipitishie hicho kioo chako shambani. Kuna kitu kinanila."

Nilikwenda kabla jua halijapanda. Juu ya vishada vya matawi ya chini kulikuwa na unga wa kijivu uliokaribia weupe. Nilipiga picha. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Unga ulikuwa kama kokoto za fedha, na katikati yake nyuzi nyembamba zimetandaa toka ua hadi ua. Pembeni kulikuwa na doa jeusi lililofifia lililoharibu umbo la picha, nikalikata. Nikarudi uani, nikatangaza: ubwiri unga. Ugonjwa wa ukungu. Dawa yake salfa, na ipulizwe mara moja.

Athumani alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, amekuja kwa salamu kama alivyokuwa akija kila siku tangu maua yatoke. Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mbona kama majivu haya?"

"Majivu hayana nyuzi, mzee," nikamjibu. "Hizi ni nyuzi za ukungu. Nimezisoma miaka mitatu."

"Mimi nimezaliwa chini ya mikorosho, mwalimu."

"Hata mbuzi huzaliwa chini ya mikorosho."

Waliokuwepo wakacheka. Naye akacheka, na leo naelewa kwamba alikuwa na kila sababu ya kucheka. Niliendelea. Nikamweleza jinsi ukungu unavyotoa mbegu, unavyosafiri na upepo, unavyopenda asubuhi zenye umande. Na, Baba, nilikutaja na wewe. Nilisema: "Baba yangu ana mikorosho Newala, mimi si mgeni wa jambo hili." Athumani akamgeukia Bi Somoe.

"Shemeji, unasemaje?"

Bi Somoe alipangusa mikono kwenye kanga. "Mwalimu ameshasema," akajibu.

Salfa ikapatikana, ikapulizwa. Tukangoja. Vishada vikaendelea kuwa vyeusi, kimoja baada ya kingine, kutoka matawi ya chini kwenda juu, kama vile mtu anapita na kijinga cha moto. Nilisema dawa inahitaji muda. Nilisema ilipulizwa upepo ukiwa mkali. Nilikuwa na hoja kwa kila kishada kilichokufa.

Ukweli niliupata mekoni. Nilikuwa nakitayarisha kipindi, nimeshika jani la mwembe karibu na jiko, na Bi Somoe akachochea kuni. Majivu yakaruka yakatua juu ya jani. Sijui ni nini kilichonisukuma kulipiga picha. Zilikuwa kokoto zilezile za fedha, Baba. Zilezile. Nikaifungua picha ya awali, ile ambayo sikuikata. Zile nyuzi zilikuwa utando wa buibui uliopakwa majivu. Na doa jeusi la pembeni, nilipolikuza na kulitazama kwa mara ya kwanza bila kulichukia, lilikuwa na miguu mirefu, na mgongoni kijisindano kilichosimama wima. Mbu wa mikorosho, mfyonza maua asiyeguswa na salfa. Mdudu uliyenionyesha nikiwa darasa la pili, ukaniambia nikimwona nisiseme neno, nikuite.

Alikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilimkata kwa sababu hakuwa wazi.

Utauliza majivu yalifikaje kwenye maua. Unajua jibu, Bibi alikuwa akifanya hivyohivyo: wadudu wakishika, mwanamke huamka alfajiri na ungo wa majivu, ayarushe matawini wakati umande bado unayashika. Bi Somoe alikuwa amepita shambani siku hiyo kabla yangu. Alikuwa tayari anajua ni wadudu. Kwa mkono wake alikuwa ameanza kuwapiga, akanitaka mimi nimwambie tu wamejificha wapi. Mimi nikapiga picha ya dawa yake, nikaiita ugonjwa.

Nilikaa na siri hiyo siku mbili. Sijawahi kuona chakula kizito kama nilichokula siku hizo mbili kwenye sahani ya mama yule. Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, nilimkuta anachambua mboga, nikapiga magoti kama mbele ya Mama, nikamwambia yote. Hakuacha kuchambua.

"Majivu nilijua ni yangu, mwanangu," akasema.

"Sasa kwa nini hukusema, Bi Somoe? Mbele ya watu wote wale?"

"Mbele ya shemeji yangu niseme mwalimu wangu kakosea? Ningebaki na nani?" Akatupa kikonyo. "Halafu nilidhani kioo chako kimeona kilicho chini ya majivu. Mimi macho yangu yanaishia juu."

Nilikaa chini, Baba, nikachukua fungu la mboga, nikachambua naye.

Kikao cha ukoo kilikaa Ijumaa iliyopita barazani kwa Athumani. Nilikwenda bila kualikwa. Nilisimama nikasema kwamba mjane hakushindwa na shamba. Kwamba aligundua adui mapema kuliko sisi sote. Kwamba niliyempotezea wiki ambazo ua la mkorosho halizirudishi ni mimi. Niliongea vizuri. Nafikiri sijawahi kuongea vizuri zaidi. Athumani alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia.

"Tumekusikia, mwalimu, na Mungu akulipe kwa kusema kweli," akasema. "Kosa ni lako. Shamba ni letu."

Najua utasema ningekaa kimya tangu mwanzo yasingetokea haya, nami, kwa desturi yangu mbaya, nataka kukujibu kwamba hata kimya kingeweza kumnyang'anya shamba lake. Lakini si kweli, na nimechoka kushinda mabishano. Kinachoniuma ni hiki: Athumani ndiye aliyeona sawasawa, na ndiye aliyetaka shamba. Aliona majivu, akayatamka mara moja, kisha akaniachia nafasi ya kumshinda. Nami nikamshinda.

Wamemwachia mikorosho miwili iliyo karibu na kisima mpaka msimu uishe, kwa hisani. Miwili hiyo huchelewa kuchanua; bado ina vishada vyenye uhai, ingawa ncha zimeanza kusinyaa. Jana Bi Somoe aliniomba simu. Tangu niijenge hadubini ile nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi, mkuu wa shule, hata muuza chai, na sikuwahi kumwonyesha yeye, ambaye kibanio cha nywele nilikiomba kwake. Nilimfungulia ile picha ambayo haikukatwa. Aliitazama muda mrefu.

"Kumbe ana sindano mgongoni," akasema. Kisha akanirudishia simu, akaenda kuchota maji.

Kijiji hakiniiti tena Mwalimu wa Kioo. Wananiita Mwalimu wa Majivu, hata watoto, na mimi naitika.

Nisalimie Mama, umwambie nakula. Msalimie Shangazi Asumini, anayeuza vitumbua stendi, ambaye alisema siku ya mahafali kwamba elimu yangu itawafaa watu. Usimsomee barua hii. Msalimie mdogo wangu Zuhura na cherehani yake, na Mjomba Hassani, imamu wetu, aniombee dua, nami nitamwombea sauti isimkauke. Na Babu mdogo, anayelinda ghala la chama, akiuliza habari zangu mwambie mimi bado nafundisha, maana hilo ni kweli.

Ndani ya gazeti lililofungwa pamoja na barua hii kuna kishada kimoja nilichokikata jana kwenye mmoja wa ile mikorosho miwili ya kisimani. Sikukipiga picha. Kishike mwangani, kigeuze, kinuse kama unavyofanya, halafu nipigie uniambie unaona nini na kama bado kuna la kufanya. Bi Somoe atakuwa amekaa karibu nami, na simu nitampa yeye aisikilize.

Mwanao,
Rashidi