Neepay na Magee

Weston, 9 Januari 2024

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku ughaibuni haina adabu.

Nimepata kazi! Nakaa nyumbani nachapa kwenye kompyuta daftari la daktari wa kijijini huko Georgia, kusini mwa Marekani, la mwaka 1859. Bosi wangu Shenaz, ambaye wazazi wake walitoka Mwanza, ndiye amenipa. Wewe nesi ungemchukia huyo daktari. Mchana kutwa yuko juu ya farasi: huku kang'oa jino, kule kazalisha. Wagonjwa wengi ni watumwa, na majina yao hayaandiki. Kila homa anaitibu kwa zebaki, na ukishainywa, maji marufuku.

Kuna mwanamke mmoja amenikaa rohoni. Aliletwa na meli mwaka ule ule, Kiingereza hajui. Siku nne daktari anaandika: "Anawaita Neepay na Magee bila kunyamaza. Bwana wake anasema hakuna watu wa majina hayo shambani." Labda ni wanawe. Baada ya hapo kurasa ni tupu.

Halafu nina kiu, mama! Namaliza jagi zima na koo bado kavu. Tena kila nikifungua ukurasa huo, glasi niliyoijaza naikuta haina kitu, wala sikumbuki kunywa.

Mwanao,
Elinaza

Same, 12 Januari

Marahaba mwanangu. Mgongo ni wa uzee, tumeshazoeana.

Kiu hiyo ni hita tu, hewa kavu. Lakini kapime sukari, tafadhali. Baba yako ilimwanza hivyo hivyo tukacheka, na unajua tulivyomzika.

Mama yako

Weston, 29 Januari

Shikamoo mama. Nisamehe kwa kimya.

Sukari sina. Figo nzima. Daktari wa huku haoni kitu, na nimepungua kilo sita. Jana saa sita mchana nilijikuta nimesimama kwenye sinki, bomba linatiririka, mdomo wazi. Sijui nilifikaje pale. Naogopa, mama. Ninakauka.

Mwanao

Same, 30 Januari

Elinaza, marahaba, na leo sikuulizi hali.

Nimerudia barua yako ya kwanza humu kwenye simu, kwa sauti, kama ninavyosoma Biblia. Yale majina nikayatamka kizungu, kama alivyoyaandika yule mzungu. Nii-pe. Ma-ji. Simu ikanidondoka.

We mtoto! Umekulia Same, ndoo kichwani kila alfajiri, unalichapa neno hilo siku nne mfululizo usilisikie? Huyo mama hamwiti mtu. Anasema nipe maji!

Sasa nisikilize. Mwaka wangu wa kwanza wodini nilimnyima mgonjwa maji kwa amri ya daktari. Alifariki akinitazama. Sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Usije ukaubeba mzigo kama wangu.

Jaza glasi. Ishike kwa mikono miwili, mkaribishe kwa Kiswahili. Mtajie jina lako, maana mtu hapokei maji kwa asiyemjua. Kisha toka chumbani. Mtu akinywa hachunguliwi.

Mama yako

Weston, 2 Februari

Shikamoo mama yangu.

Nimefanya ulivyosema. Niliona aibu kuongea na kiti kitupu. Nikasema, "Karibu maji, mama. Mimi naitwa Elinaza." Nikaenda kusimama koridoni, nasikia treni ziendazo uwanja wa ndege zikipita. Niliporudi glasi ilikuwa kavu kabisa, kama iliyofutwa kwa kitambaa.

Kiu imekwisha, mama. Nimelala kama mtoto. Chai ya asubuhi nilikunywa kikombe kimoja, kikanitosha.

Leo nikafungua daftari nimalizie. Shenaz alipiga picha kurasa zote tangu Novemba, kabla hajanipa daftari. Picha ninayo, na ukurasa unaofuata siku ile ya nne ni mtupu. Nimempigia, naye ameangalia picha yake: ukurasa mtupu.

Lakini kwenye daftari lenyewe hauko mtupu. Una mwandiko wa daktari yule yule, wino umefifia kama wa kurasa nyingine. Nakunakilia kama ulivyo:

"Leo ametulia. Hawaiti tena wale wawili. Kabla ya kufa alitabasamu, akaita wengine: Ahsantay na Ellinazza. Bwana wake anasema hakuna watu wa majina hayo shambani."

Mwanao,
Elinaza